Pete ya Darubini

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza kwenye karakana ya baba yake, fundi miwani, chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi. Humo alikuwa na kazi zake. Aliosha lenzi kwa maji ya sabuni, akazipangusa kwa kitambaa laini, akafagia unga mweupe uliodondoka chini ya mashine ya kusagia, kisha akainyoosha chati ya herufi ukutani, maana wateja waliipiga kikumbo kila walipopita. Yote hayo aliyafanya huku akiongea. Jina la Chiriku hakupewa bure. Mteja aliyeingia kupima macho alitoka akijua pia jua liko mbali kiasi gani na kwa nini mwezini hakuna upepo.

"Mwanangu, mteja anataka kusoma herufi, hataki habari za sayari," baba yake alimwambia.

"Lakini Zohali ina pete, baba! Na watu hawajui!"

"Basi leo wasijue. Kesho utawaambia."

Mapenzi hayo ya anga Chiriku aliyarithi kwa baba yake. Darubini yao waliitengeneza wenyewe. Mwili wake ulikuwa kipande cha bomba la maji la plastiki. Mbele waliweka lenzi kubwa ya miwani, na nyuma, mahali pa kuweka jicho, kioo kidogo kilichotolewa kwenye kamera mbovu. Siku ya kwanza walipoielekeza mwezini waliona uji mtupu, mwezi umevimba na kingo zake zina rangi ya zambarau. Chiriku nusura alie.

"Usihuzunike," baba alisema. "Lenzi hii inaona vizuri katikati tu. Pembeni inadanganya. Tuizibe pembeni."

Chiriku alichukua boksi la fremu, akachora duara kwa kufuata kifuniko cha chupa ya dawa, akakata pete ya kadibodi yenye tundu katikati. Aliipaka rangi nyeusi ya viatu waliyoomba kwa jirani, akaichomeka mdomoni mwa bomba, mbele ya lenzi. Mwezi ukatulia. Milima ikaonekana, na mashimo, na vivuli ndani ya mashimo.

"Pete hii ni ya nani?" baba aliuliza kwa kumtania.

"Yangu!"

"Ni yako kweli, fundi wangu."

Tangu hapo, kila jioni yenye anga safi, baba na binti walipanda juu ya paa la nyumba yao, paa bapa lenye tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Walitazama juu mpaka mama alipowaita kula. Siku nzima baba alikuwa wa wateja. Jioni ile fupi juu ya paa alikuwa wa Chiriku peke yake.

Kisha akaja Taratibu.

Taratibu alikuwa mtoto wa shangazi yake Chiriku, wa rika lake hasa. Shangazi alikwenda mji mwingine kusomea uuguzi, akaomba binti yake akae kwa mjomba wake na kusoma darasa moja na Chiriku mpaka amalize. Watu walimwita Taratibu kwa sababu alitembea akipapasa kwa unyayo kabla ya kukanyaga. Siku aliyofika aliingia sebuleni, akainama kwa heshima na kuliamkia koti la mvua lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mjomba."

Chiriku alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Baba hakucheka. Alimshika mtoto mkono, akampeleka karakanani siku hiyohiyo, akamketisha mbele ya chati. Taratibu hakuiona hata ile herufi kubwa ya juu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpima. Yeye mwenyewe alidhani dunia ina ukungu kwa watu wote.

Miwani yake ilipokuwa tayari, minene kama vitako vya glasi, baba aliwapandisha wote wawili juu ya paa. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Taratibu aliinua uso angani.

"Mjomba, vile vidoti ni nini?"

"Nyota, mwanangu."

"Nyota ni vidoti?" Aliishika miwani kwa mikono miwili. "Mimi nilidhani ni neno tu la kwenye nyimbo."

Baba aligeuka pembeni, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Chiriku alimwona. Yeye alikuwa amemweleza baba yake habari za nyota tangu alipojua kusema, na hajawahi kumtoa hata chozi moja. Leo huyu mgeni kasema maneno mawili matatu tu! Ulikuwa wivu, na Chiriku mwenyewe alijua kuwa ni wivu, lakini aliumeza akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu.

Kuanzia hapo hakukuwa na raha tena. Akishika darubini, baba alisema, "Mpishe mwenzio kidogo, wewe ulishaona sana." Kidogo hicho hakikuisha. Taratibu akiinamia darubini alikuwa kama amegandishwa kwa gundi. Hasemi, hatikisiki, anatazama tu. Jioni moja alitazama sayari ya Mshtarii, akainua kichwa na kuuliza kwa sauti ndogo:

"Mjomba, mbona nyota ndogo zilizo kando yake zimehama? Jana mbili zilikuwa upande huu. Leo ni moja."

Baba aliruka kwa furaha. "Umeona! Hizo ni miezi yake, inaizunguka! Umeiona ikizunguka kwa macho yako mwenyewe!"

"Hata mimi najua kuwa Mshtarii ina miezi," Chiriku alidakia.

"Ulijua," baba alisema akicheka, "lakini hukutazama."

Ulikuwa utani, wala baba hakukusudia ubaya. Chiriku alishuka ngazi bila kuaga, akajifunika shuka gubigubi. Alijiambia kuwa baba sasa ana binti mpya. Tangu siku ile akawa anahesabu kila kitu, nani kaitwa kwanza, nani kachekewa, nani kawekewa kiti karibu na mashine. Karakanani Taratibu aliosha lenzi kimyakimya, na wateja wakamsifu kuwa ni mtoto mtulivu. Kila sifa aliyopewa mwenzake, Chiriku aliihisi kama imetolewa mfukoni mwake.

"Mbona siku hizi umevimba mashavu?" mama alimuuliza. "Jino linakuuma?"

"Haliniumi."

"Basi kuna kinachokuuma."

"Hakuna, mama." Na hapo alipoteza nafasi yake ya kwanza ya kusema kweli.

Haikupita muda mrefu, mwalimu wa sayansi akatangaza kwamba shule itaandaa jioni ya kutazama anga. Wazazi wangealikwa, na darubini ya fundi miwani ingeazimwa. Chiriku alianza kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo kabla hata tangazo halijaisha masikioni. Alijiona amesimama mbele ya watu wote, baba yake mstari wa mbele, anatabasamu.

"Taratibu atashika darubini," mwalimu alisema darasani. "Chiriku, wewe utapanga foleni na kushika tochi."

"Foleni? Mwalimu, mimi ndiye ninayejua anga!"

"Unajua sana. Lakini ulipotuonyesha mara ya mwisho ulieleza mpaka mwezi ukajificha nyuma ya paa la jiko. Nusu ya darasa iliona mdomo wako tu."

Darasa likaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa mvulana waliyemwita Domo, ambaye hakuwa na haki ya kumcheka mtu yeyote kwa maneno mengi. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Taratibu hakucheka. Alimtazama kwa huruma kupitia vile vioo vinene, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma Chiriku kuliko kicheko.

Siku yenyewe ilipofika, Chiriku alibaki chumbani na darubini. Ilikuwa imeviringishwa kwenye shuka, tayari kupelekwa shuleni. Aliifunua. Akaingiza vidole mdomoni mwa bomba, akaigusa pete ya kadibodi.

"Nachukua changu," alinong'ona. "Niliikata mwenyewe. Si wizi."

Akaichomoa. Haikuenea kwenye mfuko wa sketi, kwa hiyo akaikunja katikati, akaisukumiza ndani, kisha akaifunga darubini kwenye shuka kama ilivyokuwa.

Jua lilipozama, uwanja wa shule ulijaa watu. Nusu mwezi ulikuwa juu kabisa, mweupe, na hapakuwa na wingu. Baba alituma ujumbe kuwa angechelewa kidogo, mteja alikuwa amekalia miwani yake. Mwalimu mkuu, mama mwenye heshima zake, aliinama wa kwanza kwenye darubini.

"Mm," alisema baada ya kitambo. "Unang'aa. Unang'aa sana."

Mzazi wa pili alitazama, akakunja uso. "Mbona una zambarau pembeni?"

"Nipisheni mimi," Domo alisema. Alitazama, akageukia umati. "Jamani, mwezi umemwagikiwa wino!"

Watu walicheka. Taratibu alisogeza kioo cha nyuma ndani, akakivuta nje, akakirudisha tena. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa, akatazama. Akaivua tena.

Chiriku, akiwa pembeni na tochi yake, alisikia raha ikimpanda. Haya sasa, alijisemea. Mtulivu wenu huyo, msifuni sasa! Raha yenyewe haikudumu, kwa sababu Taratibu aliiacha darubini, akamjia moja kwa moja, akamnong'oneza sikioni.

"Macho yangu yamerudi kule kwenye ukungu. Sioni tena. Usimwambie mjomba, ataumia. Waonyeshe wewe."

Akaenda zake, akaketi kwenye ngazi za darasa, machozi yakaitia miwani yake ukungu.

Chiriku alibaki amesimama. Mahali alipopataka kwa roho yake yote sasa palikuwa wazi. Watu walianza kumwita, "Haya Chiriku, tuokoe!" Alisogea kwenye darubini, akaupa umati mgongo, akajifanya anapangusa lenzi. Kwa siri aliinyoosha pete, akaichomeka mahali pake. Kisha akamkaribisha mwalimu mkuu kwa mara ya pili.

"Aa! Milima! Naona milima, na mashimo! Mungu wangu, kumbe mwezi uko hivi?"

Foleni ikasukumana. Kila aliyetazama alitoa mguno wa mshangao. Mwalimu wa sayansi alimpiga Chiriku begani. "Nilikosea kuchagua," alisema. "Wewe ndiye mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyaota mbele ya kioo. Sasa yalipokuja hayakuwa na ladha yoyote. Aligeuka kumtafuta Taratibu, akamwona palepale kwenye ngazi. Miwani ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameinua uso wake mtupu angani, kama mtu anayejizoeza.

Wakati huo baba aliingia getini, shati lake bado lina unga wa lenzi. Kabla hajafika kwenye foleni alimwona mpwa wake.

"Mbona uko huku? Nani yuko kwenye darubini?"

Taratibu alijaribu kuficha, akashindwa. "Mjomba, nipime tena. Watu wote wanaona, mimi sioni. Nimeona uji tu."

Baba alichuchumaa mbele yake. "Chiriku! Lete tochi hapa!"

Chiriku alikwenda na tochi.

"Mmulike kwa upande. Usimchome jicho."

Alimulika. Baba aliinua kope za Taratibu kwa kidole gumba, jicho moja, halafu la pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtoto na Chiriku aliyaona yote, yaking'aa kwenye mwanga wa tochi aliyoishika yeye.

"Umeanza lini ukungu huu?" baba aliuliza.

"Leo. Sasa hivi."

"Ghafla?"

"Ghafla, mjomba."

Chiriku alikulia karakanani na alilijua neno hilo. Mteja aliyesema macho yamefifia polepole, baba alimkatia miwani. Mteja aliyesema ghafla, baba hakumgusa. Alifunga droo, akaacha kazi zote, akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Sasa aliiona hofu ileile usoni mwa baba yake, na hofu hiyo ilikuwa ya bure.

"Usiogope," baba alimwambia Taratibu, lakini sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiogopa. "Tunakwenda hospitali sasa hivi. Hatungoji kesho."

Chiriku aliishusha tochi.

"Baba." Alimshika shati. "Msiende. Macho yake ni mazima."

"Umejuaje?"

"Pete niliitoa mimi. Niliificha mfukoni. Yeye aliona uji kwa sababu pete haikuwepo. Aliponiachia nikairudisha, nikajifanya nimeitengeneza."

Alikuwa na sauti ya kusikika tangu azaliwe, na jioni ile hakuipunguza. Foleni nzima ilimsikia. Mwalimu mkuu alimsikia. Mwalimu wa sayansi aliinamisha kichwa.

Baba aliinuka, akaenda kwenye darubini, akachungulia mdomoni mwa bomba. Aliuona mkunjo katikati ya pete. Akarudi polepole.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ni yangu," Chiriku alisema akilia. "Niliikata mimi. Na wewe ulikuwa wangu, na paa lilikuwa letu. Sasa kila kitu ni yeye, yeye, yeye!"

Baba alichuchumaa mbele yake. Hakupaza sauti, ingawa Chiriku angependa afoke yaishe.

"Pete ni yako kweli," alisema. "Lakini mwezi si wako. Na macho ya mwenzio si yako hata kidogo. Mtoto huyu ameishi kwenye ukungu miaka yake yote, na leo umemrudisha humo kwa kusudi."

"Samahani, Taratibu," Chiriku alisema.

Taratibu aliinuka. Alivaa miwani yake, akapita katikati ya watu, akainamia darubini. Alitazama kwa muda mrefu sana, na safari hii hakuna aliyemharakisha.

"Naona," alisema hatimaye, na mabega yake yakashuka. Kisha akaongeza, "Ila kuna mstari."

"Ni mkunjo," Chiriku alisema kwa unyonge. "Niliikunja ili ienee mfukoni."

Jioni ile iliyobaki Taratibu alishika darubini na Chiriku alishika tochi. Aliyeuliza swali, Chiriku alimwonyesha Taratibu kwa kidole.

Kesho yake jioni Chiriku hakupanda juu ya paa. Alibaki chini akimenya vitunguu ambavyo mama hakumwomba amenye. Baba alimwita mara mbili ndipo akapanda, akasimama karibu na tangi.

"Keti," baba alisema. Taratibu alikuwa upande wa pili, ameinama, anafanya jambo kwa mkasi. "Nina neno lenu nyote, na la kwanza linanihusu mimi. Nilifurahi mno kumwona huyu akiona, nikasahau kutazama kama wewe bado upo. Hilo ni kosa langu. Lakini ungeniambia, Chiriku. Wewe unayemweleza kila mteja habari za jua, ulishindwa kuniambia neno moja, kwamba unaona wivu?"

"Niliona aibu."

"Kuona wivu si aibu. Hata mimi nilimwonea wivu shangazi yenu tulipokuwa wadogo, maana alipendwa na kila mtu. Anayesema, husaidiwa. Anayeuficha mfukoni, unamkunjia vitu vizuri alivyotengeneza kwa mikono yake. Na sikiliza jambo jingine. Nikimpenda huyu, sikati kipande kwenye pendo lako. Baba hana pishi moja tu ya upendo ya kuwagawia."

Chiriku alijipangusa pua. Wivu haukwisha pale pale, tusidanganyane. Ulipungua kidogo, kama uvimbe baada ya kuchuliwa, na wiki zilizofuata ulipungua tena.

Taratibu alisogea. Mkononi alikuwa na boksi dogo, lile la miwani yake ya kwanza, amelikata likafunguka kuwa kipande kimoja bapa cha kadibodi. Alimnyooshea Chiriku kadibodi hiyo pamoja na mkasi.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Lakini wewe ndiye unayejua ukubwa wa tundu."

Chiriku alishuka mbio, akarudi na kifuniko cha chupa ya dawa. Alichora duara, akakata kwa uangalifu kuliko siku zote, bila kusema lolote. Taratibu aliipaka rangi nyeusi, wakaipuliza ikauke, huyu upande huu na yule upande ule, kisha wakaichomeka mdomoni mwa bomba. Baba aliinama akatazama. Mstari haukuwepo.

"Safi kabisa," alisema. "Haya, pete hii ni ya nani?"

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama mwenzake.

"Ya darubini," alisema Taratibu, akasogea pembeni. "Tazama wewe kwanza."